Mshauri wa fedha kwa anayekaribia kustaafu: namna ya kumpata, kumpima na kufanya naye kazi

Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na walio wengi sheria inawastaafisha wakifikisha 60. Tarehe hiyo haimshtukizi mtu. Hata hivyo wengi hutafuta ushauri wa fedha mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa yote kwa mara moja, ukishaingia benki, na siku hizo washauri hawakosekani. Shemeji ana wazo la kujenga fremu. Jirani anajua Coaster inayouzwa bei ya kutupa. Afisa wa benki anapiga simu kila wiki, na kijana nadhifu anajitambulisha kuwa anatoka kampuni ya uwekezaji yenye ofisi ghorofani. Wote wameshajua umelipwa kiasi gani, lakini ni nadra kumpata aliyeuliza unadaiwa kiasi gani.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyebakiza miaka mitano hadi kumi kazini, ingawa hata aliyestaafu jana atapata cha kufanyia kazi. Naandika kwa utaratibu wa Tanzania Bara, kwa sababu leseni, mifuko na kanuni za mafao hutofautiana nchi na nchi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mshauri unayeweza kumwamini ni yule unayemlipa mwenyewe kwa kiasi mlichokubaliana, na ambaye fedha yako haipiti mikononi mwake hata mara moja.

Hatua ya 1: Zijue namba zako kabla hujamwona mtu

Ukienda kwa mshauri bila namba, atakupa ushauri wa jumla ambao angempa mtu yeyote. Kwa hiyo anza na mfuko wako. Tangu Agosti 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa ikawa PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri. Omba taarifa ya michango yako, kwenye simu au kwenye ofisi ya mfuko iliyo karibu nawe, kisha uisome mwezi kwa mwezi.

Angalia mambo mawili hasa. La kwanza ni miezi iliyoruka. Kwenye sekta binafsi wapo waajiri wanaokata mchango kwenye mshahara na kuuchelewesha, au wasiupeleke kabisa, na anayegundua akiwa na miaka 52 ana muda wa kufuatilia kuliko anayegundua siku ya kuaga. Kupata pensheni ya kila mwezi kunahitaji uwe umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15, hivyo miezi michache iliyopotea inaweza kumtoa mtu kwenye pensheni kabisa. La pili ni majina na tarehe ya kuzaliwa. Jina lililoandikwa kwa namna moja kwenye barua ya ajira, kwa namna nyingine kwenye kitambulisho cha NIDA na kwa namna ya tatu kwenye akaunti ya benki litakuchelewesha wakati ambao mshahara umeshasimama. Hili halihitaji mshauri wa kulipwa. Ni kazi ya kupanga foleni, na ifanyike mapema.

Kisha piga hesabu ya kikokotoo wewe mwenyewe. Haina uchawi. Chukua idadi ya miezi uliyochangia, igawanye kwa 580, halafu zidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora zaidi. Hiyo ndiyo pensheni ya mwaka kabla haijagawanywa. Sehemu yake huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, na iliyobaki hugawanywa kwa miezi 12. Kuanzia Julai 2022 sehemu ya mkupuo ilikuwa asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya 2024/25 ikapandishwa kuwa asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye utaratibu wa asilimia 50 kabla ya mabadiliko hayo, na asilimia 35 kwa waliokuwa kwenye ule wa asilimia 25.

Tuseme mwalimu ana mshahara wa wastani wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka, na amechangia miaka 30, ambayo ni miezi 360. Pensheni yake ya mwaka ni kama shilingi 8,938,000. Akiwa kwenye kundi la asilimia 40, mkupuo wake unakaribia shilingi milioni 44.7 na pensheni ya mwezi ni kama 447,000. Akiwa kwenye kundi la asilimia 35, mkupuo ni kama milioni 39.1 na pensheni ya mwezi ni kama 484,000.

Itazame tena ile 447,000. Aliyezoea 1,200,000, hata kama makato yalikuwa makubwa, anashuka ghafla. Hapa ndipo penye tatizo la kumpelekea mshauri: namna ya kuufanya mkupuo uzibe pengo la kila mwezi kwa miaka 20 au zaidi. Milioni 44.7 zinaonekana nyingi mpaka uzigawe kwa miezi 240, unapopata kama 186,000 kwa mwezi.

Mwisho, andika madeni yote. Mkopo wa benki, mkopo wa SACCOS, deni la duka, na kama yupo mkopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, aliyeshika kadi yako ya benki, mwandike naye. Najua hili la mwisho watu hulificha hata kwa wenzi wao. Lakini mshauri asiyelijua atapanga fedha ambayo tayari ina mwenyewe.

Hatua ya 2: Amua unamhitaji wa nini

Si kila mtu anahitaji mshauri wa kulipwa. Kama huna deni kubwa, nyumba imekwisha, na nia yako ni kuweka mkupuo mahali salama unapoutazama ukikua taratibu, maofisa wa mfuko wako na semina zinazoandaliwa kwa wastaafu watarajiwa zinaweza kukutosha, pamoja na ziara moja kwenye ofisi za UTT AMIS, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na nyingine benki. Huko kote maelezo hutolewa bila malipo. Uliza na urudi nyumbani bila kusaini kitu.

Mshauri wa kulipwa ana maana mambo yanapokuwa yamefungamana: una madeni na watoto bado wanasoma, una nyumba mbili na hujui uuze ipi, una biashara inayokula mtaji, unachangia mifuko miwili kwa sababu ulihama kazi, au mwenza wako naye anastaafu karibu na wewe. Hapo unahitaji mtu wa kukaa na picha nzima.

Kwa wengi nashauri vikao viwili au vitatu vya kulipia, na mpango ulioandikwa, kuliko mshauri wa kudumu. Mkupuo wa milioni 40 hauhitaji mtu wa kuusimamia kila siku.

Hatua ya 3: Mjue anayejiita mshauri anakula wapi

Mtu yeyote anaweza kuchapa kadi iliyoandikwa "mshauri wa fedha". Cha kujua ni nani anayemlipa.

Wakala wa bima anaweza kukueleza vizuri kuhusu bima ya maisha au ya afya, lakini kipato chake ni kamisheni ya bima anayokuuzia. Afisa wa benki anafuatiliwa kwa amana na mikopo anayoleta, hivyo usishangae mazungumzo yakielekea kwenye akaunti ya muda maalumu ya benki yake au, mbaya zaidi, kwenye mkopo wa wastaafu unaokatwa kwenye pensheni. Dalali wa soko la hisa analipwa unaponunua na unapouza. Afisa wa mfuko wa uwekezaji anajua vipande vya mfuko wake, yaani sehemu za umiliki anazouza, na si vya mwenzake. Hakuna ubaya katika kazi hizi, na wengi wao ni waaminifu. Ila kila mmoja ana bidhaa mezani, na anachokupa ni maelezo ya bidhaa hiyo.

Yupo pia mshauri wa uwekezaji mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, yaani CMSA. Huyu kazi yake ni ushauri wenyewe, na kanuni zinambana. Kwa kawaida leseni hupewa kampuni, na walioajiriwa humo hufanya kazi chini yake. Nao ni wachache, wengi wapo Dar es Salaam, na baadhi wanapendelea wateja wakubwa. Usikate tamaa. Kikao cha simu kinawezekana, na kampuni za udalali wa hisa mara nyingi zina watu wenye sifa hiyo.

Wa mwisho ni mhamasishaji wa mitandaoni. Anazungumza vizuri, ana picha za magari, na ana kundi la WhatsApp. Msikilize kama unavyosikiliza redio, lakini usimpe namba ya akaunti yako.

Hatua ya 4: Hakiki leseni wewe mwenyewe

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa fedha kuliko zote.

Mtu akikuonyesha cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, namba ya mlipakodi ya TRA na leseni ya biashara ya halmashauri, bado hajakuonyesha kibali cha kushauri wala kupokea fedha za uwekezaji. Vyeti hivyo vinathibitisha kwamba kampuni ipo. Havisemi kwamba inaruhusiwa kushika akiba za watu. Matapeli wanalijua hili, ndiyo maana hubandika vyeti vya BRELA ukutani vikiwa na fremu nzuri.

Anayeshauri au kuuza hisa, hatifungani (dhamana ambazo kwazo unaikopesha serikali au kampuni kwa riba) na vipande vya mifuko ya pamoja awe na leseni ya CMSA. Anayeuza bima awe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Anayepokea amana za umma awe benki au taasisi yenye leseni ya Benki Kuu. SACCOS iwe na leseni chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Majina ya wenye leseni hutangazwa na mamlaka hizo, na unaweza kupiga simu au kwenda ofisini kuuliza. Tumia namba uliyoipata kwenye tovuti au ofisi ya mamlaka yenyewe, kamwe usitumie aliyokupa mshauri. Uliza jina kamili la kampuni, aina ya leseni na kama bado ni hai, kwa kuwa leseni huisha muda na huweza kusimamishwa.

Mwaka 2009 serikali ilisimamisha shughuli za DECI, mpango wa upatu uliokuwa umekusanya fedha za Watanzania wengi kwa lugha ya "kupanda mbegu". Waliopanda walikuwa watu makini: walimu, wauguzi, waumini wa makanisa, wafanyabiashara wa sokoni. Waliletwa na watu wanaowaamini, na wa mwanzo walilipwa kweli. Tangu wakati huo mipango ya namna hiyo imerudi kwa majina mengine, sasa ikipitia kwenye simu.

Hesabu ya kupima ahadi ni rahisi. Hatifungani za muda mrefu za serikali katika miaka ya karibuni zimekuwa zikitoa riba ya asilimia 12 hadi 16 hivi kwa mwaka. Mtu anayekuahidi asilimia 10 kwa mwezi anasema atakupa asilimia 120 kwa mwaka bila hata kuhesabu riba juu ya riba. Kama angekuwa na biashara inayozalisha hivyo, angekopa benki kwa riba ya kawaida na kubaki na faida yote. Asingekuwa na haja ya mkupuo wa mstaafu wa Singida.

Hatua ya 5: Kikao cha kwanza, yeye ndiye anayepimwa

Nenda na mwenza wako. Kama huna mwenza, nenda na mtoto mkubwa au ndugu unayemwamini, hasa mtu asiyeogopa kuuliza. Mshauri akisema angependa kuzungumza na wewe peke yako kwa sababu "mambo ya fedha ni siri", aga na uondoke.

Dakika 20 za mwanzo zinatosha kukuonyesha mengi. Mshauri anayejua kazi ataanza kwa kuuliza umri wako na wa mwenza, afya zenu, wanaowategemea, madeni, nyumba, pensheni itakuwa kiasi gani, na jambo gani linakunyima usingizi. Anayeanza na kipeperushi ni muuzaji.

Kisha uliza yako. Muulize, "Unalipwa na nani nikifuata ushauri wako?" Mwache ajibu, na usimsaidie kumalizia sentensi. Muulize kama ana leseni, ya nani na ya namba ipi. Muulize ni wastaafu wangapi wenye kipato kama chako amewahudumia, na ikiwa yupo mmoja aliye tayari kuzungumza nawe. Muulize ni ushauri gani aliwahi kutoa ambao haukwenda vizuri. Mwenye uzoefu wa kweli analo jibu, na utalitambua kwa jinsi anavyolieleza bila kumlaumu mteja.

Halafu muulize swali hili moja la kitaalamu, hata kama wewe si mtaalamu: "Nikinunua hatifungani ya miaka 20, nikiugua mwaka wa nne nikahitaji fedha, itakuwaje?" Jibu sahihi ni kwamba unaweza kuiuza kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam kupitia dalali, lakini bei itategemea soko siku hiyo. Kama hatifungani mpya zinatoa riba kubwa kuliko yako, utauza kwa bei ya chini ya uliyonunulia, na kama zinatoa riba ndogo, unaweza kuuza kwa faida. Anayekujibu "utapata hela yako yote wakati wowote" ama hajui, ama anajua na anakuficha.

Ongea na washauri wawili au watatu kabla ya kuchagua. Usilipe chochote siku ya kwanza zaidi ya ada ya kikao kama mlikubaliana kabla.

Hatua ya 6: Malipo

Ada zipo za aina tatu. Ya kwanza ni ada ya kikao au ya mpango mzima, inayotajwa kwa shilingi. Naipendelea hii kwa mstaafu wa kawaida. Inauma kuitoa mfukoni, lakini unajua mwisho wake.

Ya pili ni asilimia ya fedha anayoisimamia, kila mwaka. Asilimia 1.5 inasikika ndogo. Kwa milioni 40 ni shilingi 600,000 kwa mwaka, zaidi ya pensheni ya mwezi mzima ya yule mwalimu wetu, na inakatwa mwaka mzuri na mwaka mbaya.

Ya tatu ni kamisheni, ambayo huioni kwa sababu imo ndani ya bidhaa. Ukiambiwa "huduma yangu ni bure", uliza kamisheni ni kiasi gani na italipwa mwaka wa kwanza tu au kila mwaka. Akikujibu kwa shilingi, una mtu wa kweli. Akizunguka, umejua.

Vyovyote mtakavyokubaliana, andikeni. Mkataba wa kurasa mbili unatosha: majina na namba ya leseni, kazi itakayofanyika na lini itakamilika, ada na wakati wa kulipa, kamisheni zozote anazopokea, namna ya kuvunja mkataba, na sentensi isemayo kwamba mshauri hapokei wala kushika fedha za mteja. Lipa kwa benki au kwa namba ya malipo ya kampuni, na udai risiti ya EFD.

Hatua ya 7: Fedha ipite njia yake

Ukinunua hatifungani au hisa, fungua akaunti ya CDS, yaani ile inayotunza kumbukumbu za umiliki wako, kwa jina lako, kupitia benki au dalali mwenye leseni. Fedha itoke kwenye akaunti yako iende kwa taasisi hiyo yenye leseni, na taarifa ya umiliki ije kwako. Kiwango cha chini cha kununua hatifungani kwenye minada ya Benki Kuu ni shilingi 1,000,000, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kukuambia "unganeni kikundi, mimi nitanunua kwa jina langu". Ukinunua vipande vya UTT AMIS, lipa kwa njia iliyoelekezwa na taasisi yenyewe, na akaunti ya uwekezaji iwe kwa jina lako.

Namba ya siri ya benki, ya simu, na nywila ya mfumo wa mfuko wako usimpe mshauri, hata kama ni binti yako wa ubatizo. Usisaini fomu tupu. Usitoe hati ya nyumba "kwa ajili ya kumbukumbu". Hati ya idhini ya kisheria inayompa mtu mamlaka juu ya akaunti zako isisainiwe kwa mshauri hata kidogo.

Angalia pia simu zinazokuja siku chache baada ya barua ya kustaafu kutoka. Kuna wanaojitambulisha kuwa maofisa wa mfuko na kudai "gharama ya kuharakisha faili". Mifuko imeshatoa tahadhari mara nyingi kwamba kulipwa mafao hakuna ada. Kata simu, kisha nenda ofisini.

Hatua ya 8: Mpango wenyewe, na mambo ya kuudai

Usikubali mpango wa mdomo. Dai karatasi inayoonyesha mapato ya kila mwezi, matumizi, na chanzo cha kila shilingi kwa miaka kumi ya kwanza.

Kwa yule mwalimu mwenye mkupuo wa milioni 44.7, mpango ninaouona wa busara ungeanza na madeni yenye riba kubwa, yalipwe yote, kausha damu ikiwa ya kwanza na kadi irudi mkononi. Kisha matumizi ya miezi sita hadi kumi na miwili yawekwe mahali ambapo fedha inatoka haraka, kama akaunti ya akiba au mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS. Kama nyumba haijapauliwa, ipauliwe sasa, kwa bajeti ya fundi iliyoandikwa, kwa sababu kodi ya nyumba uzeeni inakula pensheni. Kitakachobaki, tuseme milioni 20, kiende kwenye kitu kinacholeta kipato cha mara kwa mara. Hatifungani yenye riba ya asilimia 12 kwa milioni 20 inatoa milioni 2.4 kwa mwaka, zikiwa 1,200,000 kila baada ya miezi sita. Ni sawa na shilingi 200,000 kila mwezi juu ya pensheni, na mtaji bado upo. Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS nao una mpango wa gawio kwa wanaotaka kipato, na unamfaa asiyependa habari za minada.

Muulize mshauri kuhusu mfumuko wa bei, na umtake aonyeshe kwa namba. Benki Kuu inalenga asilimia 3 hadi 5 kwa mwaka. Bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, shilingi 1,000,000 ya leo itanunua baada ya miaka 20 vitu vya kama shilingi 456,000 za leo. Riba ya hatifungani haibadiliki katika muda wake, na pensheni haipandi kila bei zinapopanda. Mpango unaotumia riba yote mwaka hadi mwaka bila kurudisha hata sehemu kwenye mtaji una tundu, na mshauri anatakiwa akuambie hivyo hata kama hutaki kusikia.

Biashara mpya niitaje kando. Mtu aliyefundisha hisabati miaka 30 anaweza kuwa mfugaji mzuri wa kuku, lakini asijifunze kwa mkupuo. Ajifunze akiwa bado na mshahara, na banda dogo, miaka mitatu kabla. Mshauri anayekusukuma kuingiza nusu ya mkupuo kwenye biashara usiyowahi kuigusa hajatimiza kazi yake, hata kama wazo lake ni zuri.

Mpango uguse pia matibabu: bima yako ya afya itaendeleaje baada ya kustaafu, inamhusu mwenza, na masharti ya miaka ya kuchangia umeyatimiza? Pata jibu hilo kwa maandishi kutoka kwa mfuko wa bima.

Na uguse warithi. Majina ya wategemezi uliyoandika ulipoajiriwa huenda yana mzazi aliyefariki na yanakosa watoto watatu. Yabadilishe. Andika wasia, na kama hupendi wasia huo ukae nyumbani, RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hupokea na kutunza wasia. Mwenza ajue akaunti zilipo, namba ya CDS, na jina la dalali.

Hatua ya 9: Baada ya hapo

Kutana na mshauri mara moja kwa mwaka, au jambo kubwa likitokea: msiba, ugonjwa, mtoto kuomba mtaji. Kikao kiwe na taarifa kutoka kwa taasisi zenyewe, yaani CDS, benki na mfuko, zilizochapwa na taasisi hizo. Jedwali alilolitengeneza mshauri kwenye kompyuta yake halithibitishi kwamba fedha ipo.

Kwa watoto na ndugu wanaokuja na maombi, unaweza kumtumia mshauri kama kisingizio cha heshima. "Baba, ngoja kwanza nimuulize mtu wangu wa fedha" ni jibu linalompa kila mmoja wiki mbili za kutafakari, na maombi mengi hupungua yenyewe.

Badilisha mshauri kama anakushauri kuuza na kununua mara kwa mara bila sababu unayoielewa, kama taarifa zinachelewa na majibu yanakuwa ya haraka haraka, kama ameanza kukuomba umletee wastaafu wenzako kwa malipo, au kama ameomba umkopeshe. Kwa hilo la mwisho usisubiri kikao kijacho. Mwandikie barua ya kusitisha huduma, chukua nakala za nyaraka zako zote, na uwajulishe benki na dalali kwamba hana tena ruhusa ya kuuliza habari zako.

Ukihisi umetapeliwa, usione haya, na usisubiri "ajirekebishe". Kusanya mkataba, risiti, jumbe za simu na taarifa za benki. Peleka malalamiko CMSA kwa mambo ya uwekezaji. Kwa bima, nenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwa utapeli wa wazi nenda polisi, na benki au kampuni ya simu uipigie siku hiyohiyo, kwa sababu muamala unaowahiwa mapema una nafasi kubwa zaidi ya kuzuiwa kabla fedha haijatolewa.